Mzinga Usiofunguliwa

Baba yangu mdogo aliniambia, "Nyuki hapendi kuchunguliwa." Sikumsikiliza. Hapa Luberizi, katika uwanda wa Ruzizi, jua ni kali. Nami kila juma nilifungua mzinga kutazama asali. Nyuki walichoka, wakahama wote. Nikabaki na masega matupu, na aibu.

Kijana jirani, fundi wa redio, akanionyesha Arduino, chombo kidogo kilichobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Michoro yake haikufichwa. Kila mtu ana ruhusa ya kuinakili. Katika mzinga mpya tuliweka kipima joto, na chini yake mizani. Majana, yaani watoto wa nyuki, hutaka joto la digrii 35 hivi. Likishuka siku nyingi, huenda malezi yamekoma. Uzito ukipanda, asali inaingia.

Chombo hakifukuzi siafu, wala hakitengenezi asali. Lakini sasa nasoma namba, mzinga nauacha. Baba mdogo alicheka: "Kumbe ulingoja mashine ikufundishe kutulia!"

Ni kweli, ndugu zangu. Na nyuki wangu wangali nyumbani.