Piga, Kata, "Take", "Make": Daftari la Njia ya Masagati

Ifakara, sokoni. Mama mmoja anaapa kwamba pilipili zake ni kali kuliko za jirani. Hatua chache mbele, mnoa visu anajaribu makali kwenye ukucha wa kidole gumba na kutangaza kwamba hiki sasa ni kisu kikali. Jua nalo ni kali. Mwanafunzi aliyebeba daftari ananiambia mwalimu wao wa hesabu ni mkali. Kiswahili kimetosheka na kivumishi kimoja na hakuna anayepotea. Hamishia hayo yote kwenye Kiingereza cha kuandika, uone kivumishi hicho kinavyotawanyika: pilipili na jua ni "hot", kisu ni "sharp", mwalimu ni "strict", mbwa mkali ni "fierce", chai kali ni "strong". Aliyekariri kwamba kali ni "sharp" ataandika "sharp sun". Sarufi yake haina kosa, tahajia ni safi, lakini Mwingereza haandiki hivyo.

Nilikuwa naelekea Masagati, na tangu hapo daftari langu likawa la kulinganisha maneno yanayotembea pamoja.

Stesheni ya Ifakara watu wanakata tiketi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na baada ya Mlimba inaanza kupanda milima kwenye mahandaki na madaraja yake magumu kuliko yote. Mimi nilishuka Mlimba. Njiani niliandika: tunakata tiketi, tunakata rufaa, tunakata shauri, tunakata tamaa, tunakata kiu. Kwa Kiingereza tiketi hununuliwa, rufaa huwasilishwa kwa "lodge", shauri hutengenezwa kwa "make", tumaini hupotezwa kwa "lose", kiu huzimwa kwa "quench". Vitenzi vitano, pale ambapo kwetu kimoja kinatosha.

Usidhani kwamba Kiswahili ndicho pekee chenye tabia hii. Kiingereza nacho kina "take", kinachofanya kazi mchana na usiku: "take a photo", "take medicine", "take a seat", "take an exam". Sisi tunapiga picha, tunameza dawa, tunaketi, tunafanya mtihani. Kila lugha ina vibarua wake wachache wanaobeba mizigo ya aina zote, ila vibarua hao hawabebi mizigo ileile.

Kutoka Mlimba kwenda Masagati nilipanda bodaboda. Barabara hiyo mvua zikikolea huwa mtihani, na dereva wangu aliisimulia kama mtu anayemsimulia ndugu mkorofi. Tulipita kwenye mashamba ya mpunga, na hapo ndipo kitenzi piga kilipojaza ukurasa. Mkulima anapiga haro baada ya kulima. Magugu yakizidi, anapiga dawa. Akivuna, anapiga mpunga, au anapura kama wasemavyo wengine. Akimaliza, anapiga simu kwa mnunuzi, na jioni anapiga soga. Kiingereza hapa kinaachana kabisa na utaratibu wa kuunganisha: kila kazi ina kitenzi chake kamili, "harrow", "spray", "thresh", "phone", "chat". Nomino imemezwa na kitenzi.

Halafu geuza upande wa pili. Sisi tunaoga, tunapumzika, tunaamua, tunatembelea, tunahutubia, neno moja kila mara. Mwingereza anaandika "take a bath", "have a rest", "make a decision", "pay a visit", "give a speech". Katika maandishi rasmi mara nyingi kitenzi huwa chepesi na nomino hubeba uzito wote.

Mtindo huo umeshaingia kwenye ofisi zetu. Mbao za matangazo tangu Ifakara hadi Mlimba zimejaa kufanya ukaguzi, kufanya uchunguzi, kufanya maamuzi. Masagati mzee mmoja aliniambia kwa ufupi kwamba kikao "kimekagua, kimeamua". Mimi naupenda msemo wa mzee kuliko wa ubaoni.

Masagati, shuleni. Baada ya shikamoo na habari za safari, mwalimu wa Kiingereza alinionyesha daftari la insha la kidato cha kwanza. Mtoto alieleza safari yake ya kwenda kwa mjomba. Aliandika "we cut ticket at Mlimba", na mistari michache chini, "my uncle beat phone to my mother". Mwalimu hakuchora mkasi mwekundu tu na kuliacha kosa hapo. Pembeni aliandika kifungu kizima: "buy a ticket". Chini yake: "phone my mother". Aliniambia watoto hawa maneno wanayajua, wanachokosa ni kujua neno lipi linakwenda na lipi.

Kumbuka safari ya mtoto huyo. Nyumbani huenda alianza na Kindamba, Kibena au Kihehe. Shule ya msingi akasoma kwa Kiswahili. Sekondari karibu masomo yote yanageuka Kiingereza, na anatakiwa aandike biolojia kwa lugha ambayo "take" yake bado hajaizoea.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1933 Harold Palmer, akishughulikia ufundishaji wa Kiingereza Japani, alitoa ripoti nzima kuhusu maneno yanayoandamana. A. S. Hornby, aliyefanya kazi naye, akatunga kamusi ya wanafunzi iliyotoka Tokyo mwaka 1942, ambayo vizazi vyake ndivyo vinavyobebwa hadi leo kwenye mikoba ya wanafunzi wetu. Mwaka 2001 Bengt Altenberg na Sylviane Granger walichapisha utafiti wa kitenzi kimoja tu, "make", kwenye insha za wanafunzi wa Sweden na wa wazungumzaji wa Kifaransa. Wanafunzi hao walikuwa wamefika mbali, na bado kitenzi hicho kiliwasumbua. Kama Mswidi anahangaika, mtoto wa Masagati asiitwe mzito wa kichwa kwa kuandika "cut ticket".

Walimu wenzangu wa Kiingereza na wa Kiswahili, orodha za maneno pwekepweke zifutwe ubaoni. Andikeni "make a decision" na mkabala wake muandike kukata shauri, vyote viwili vikiwa vizima, na mtoto anakili vivyo hivyo kwenye daftari lake.