Nani Alipima?

Kati ya Karatina na Marua, ajali ikitokea asubuhi, kufikia saa sita mchana hakuna kitu. Brekdauni imevuta gari, mvua imeosha mafuta, na malori yamepita juu ya alama za tairi. Kinachobaki ni stori za watu, na stori zetu huishia pamoja: dereva alikuwa anakimbia.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa matatu. Alipokufa, ripoti ilisema mwendo wa kasi. Shosho aliuliza kitu kimoja tu: nani alipima? Hakujibiwa.

Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye fotogrametria, miaka miwili baada ya kuacha chuo. Jina ni kubwa lakini kazi yake inaelezeka. Droni inaruka juu ya eneo la ajali ikipiga picha mfululizo, kila picha ikirudia kama asilimia 70 hadi 80 ya iliyotangulia. Programu inatafuta alama zinazofanana katika picha hizo, inakokotoa kamera ilikuwa wapi, kisha inajenga ramani ya pande tatu. Ukitandaza chini vibao ambavyo umbali kati yake umepimwa, ramani inapata vipimo halisi. Barabara ikifunguliwa, ushahidi unabaki.

Na ushahidi huo unapigiwa hesabu. Gari likiacha alama za breki za mita 30 kwenye lami kavu yenye mshiko wa 0.7, basi breki zilipokamata lilikuwa likienda angalau kilomita 73 kwa saa.

Tena ramani haimkagui dereva peke yake. Julai 2022, upande wa pili wa mlima, basi lilitumbukia kutoka daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa. Kuna waliolaumu breki, kuna waliosema daraja lina pepo. Lakini pale barabara inateremka vikali, halafu inapinda. Mteremko una kipimo, kona pia ina kipimo.

Kanuni za Kenya za 2020 zinaruhusu droni, mradi Mamlaka ya Usafiri wa Anga iisajili na kumpa mrushaji leseni. Kwa kona moja, betri moja inatosha.

Pengine mjomba alikuwa anakimbia kweli. Ningekubali. Hata shosho angekubali, bora aonyeshwe mita.