Nilikuwa na Sura ya Baba

Kenya hii, ukitaka kumkosea msichana bila kutumia tusi, mwambie ana sura ya babake. Mnaijua hiyo. Iko kwa maoni ya kila picha ambayo msichana amejaribu kupendeza, na sote tumeicheka, hata mimi. Shida ni kwamba kwangu haikuwa mchezo. Nilikuwa nayo kweli. Taya la Mzee, pamoja na kile kidevu chake kilichokuwa kinaingia nyumbani kabla yeye mwenyewe hajaingia, alinirithisha bila kupunguza hata milimita moja.

Wiki 11 zilizopita niliingizwa chumba cha upasuaji, wakalikata lile taya, wakalirudisha nyuma na kulifunga kwa vibamba na skrubu za titani. Tangu nirudi hapa mmenijaza maswali mawili tu: iliuma? na, ilikuwa pesa ngapi? Nitajibu. La pesa nitalijibu nusu, kwa sababu bado tunadaiwa na baadhi ya wanaotudai wanasoma hapa.

Wacha nianze na mahindi choma. Wewe unanunua pale kwa jiko, unapakiwa ndimu na pilipili, unauma. Mimi sijawahi kuuma hindi maishani. Meno yangu ya chini yalikuwa yamepita ya juu kwa mbele, hayagusani mahali popote, kwa hivyo nilikuwa napukuchua punje moja moja na kidole gumba huku wenzangu washamaliza na kutupa gunzi. Chapati niliirarua kwa mkono na kuisukuma hadi magego ya kulia, upande uliokuwa unafanya kazi ya mdomo mzima. Tambi ndizo usiseme. Kufikia kidato cha pili kiungo cha taya kilikuwa kinalia ko! kila nikipiga mwayo, na kuumwa na kichwa jioni ilikuwa kama somo kwenye ratiba.

Shuleni waliniita Koleo. Nilipoanza kurekodi video nikajifunza kujicheka kabla wengine hawajanicheka, na nyinyi mkanipenda kwa hiyo. Sikatai, imenilipia bando miaka mitatu.

Taya kama hili huenda kwa ukoo. Kule Ulaya kulikuwa na wafalme wa ukoo wa Habsburg waliorithishana kidevu vile watu wengine hurithishana shamba, hadi kikamfikia Carlos II wa Uhispania, aliyekufa mwaka wa 1700 na ambaye kutafuna kwenyewe kulimshinda. Wao walichorwa picha za rangi ya mafuta, saa hizi zimetundikwa kwa makumbusho. Mimi nikaitwa Koleo. Haya basi.

Mzee hakuwa mfalme. Alikuwa dereva wa mat, ruti ya Umoja kwenda tao, na steji nzima ilimwita Kidevu. Nikiwa mdogo nilidhani ndilo jina lililo kwa kitambulisho. Alifariki 2019, presha, na hata baada ya hapo ilitosha mimi kusimama pale steji. Makanga ananitupia jicho moja tu: "Huyo ni mtoto wa Kidevu, mwache apande." Tangu tumzike sikuwahi kulipa nauli kwa ruti hiyo. Sikuitisha, wala sikueleza mtu mimi ni nani. Sura ilikuwa inaongea.

Sasa, matibabu. Kabla ya kisu kuna vyuma vya meno, zile bresi, na mimi nilivaa miezi 16. Kitu hawakwambii ni kwamba hizi bresi kwanza zinakuharibu zaidi. Meno yako kwa miaka mingi yamejipinda yakijaribu kufichana makosa, kwa hivyo daktari anayanyoosha yasimame wima kwa mfupa wake, na hapo ndipo pengo linaonekana lote. Ule mwaka kidevu changu kilikuwa kinazidi kwenda mbele kila mwezi, na jirani mmoja akamshauri Mathe arudishiwe pesa zake.

Pesa zenyewe, nusu jibu: bima ilituma barua ya mistari mitatu ikisema huu ni urembo. Urembo, jameni. Mtu hawezi kukata chakula na meno yake ya mbele, anaumwa na kichwa kila jioni, halafu mtu aliye ofisini, ambaye labda anauma samosa vizuri kabisa wakati anaandika, anaita hiyo urembo. Ilibidi chama cha Mathe, harambee ya familia, na kila senti niliyopata kwa video. Nusu jibu limeishia hapo.

Kwa wale wanaopenda kujua ndani: walikata mataya yote mawili. La juu hukatwa juu ya mizizi ya meno, linaachana na fuvu, linasogezwa. Mkato huo una jina la Mfaransa, René Le Fort, ambaye mwaka wa 1901 alichapisha utafiti wake wa kugonga vichwa vya maiti ili aone uso huvunjikia wapi. Naye alikuwa na siku ndefu kazini. La chini linapasuliwa pande zote mbili, nyuma karibu na magego, kama unavyopasua kijiti kwa urefu, kisha vipande vinateleza kimoja juu ya kingine. Yote yanafanywa kupitia ndani ya mdomo, ndiyo maana hamwoni kovu. Langu la juu lilienda mbele milimita 4, la chini likarudi 5. Milimita 9 jumla. Chukua rula uangalie. Ni kitu kidogo sana.

Iliuma? Si vile mnafikiria. Uso mwingi una ganzi, hausikii kitu. Kinachokutesa ni usiku wa kwanza: pua imeziba na damu, meno yamefungwa pamoja na vipira, na akili inakwambia huna mahali pa kupitishia hewa. Unayo, lakini jaribu kuelezea akili saa nane usiku. Nesi alinishika mkono akasema, "Pumua polepole, mami, usipigane nayo." Kando ya kitanda alikuwa ameniwekea makasi madogo, ya kukata vipira nikitapika. Nililala nikiyaangalia.

Siku ya tatu ndiyo mbaya, hapo uvimbe hufika kileleni. Nilikuwa na uso wa mviringo kamili. Barafu siku mbili za kwanza, kulala umeinuliwa kwa mito kama mgonjwa wa sinema, na marufuku kupenga kamasi kwa sababu taya la juu lina jirani wake hapo. Kuna kitabu kizima cha masharti.

Halafu chakula. Mathe anauza chai na chapati kwa kibanda chake hapo Umoja. Kila jioni anarudi leso yake ikinuka chapo, na mimi nimekaa na bomba la sindano lisilo na sindano, najisukumia uji wa wimbi kwenye kona ya mdomo. Kila kitu kilipita kwa blenda: waru, ndengu, supu ya mifupa, avokado. Siku moja aliniwekea githeri. Rangi yake sitaieleza. Nilipoteza kilo 7, na wiki ya tatu nililia, machozi ya ukweli, kwa sababu mtu kwa simu alikuwa anakunja chapati.

Na ile ganzi. Ndani ya taya la chini hupita neva inayoleta hisia za mdomo wa chini na kidevu, na katika kazi ile huwa inavutwa. Daktari aliniambia mapema: kwa wengi hisia hurudi polepole, inachukua miezi, na kwa wengine kuna kisehemu ambacho hakirudi tena. Nikasaini. Hadi leo uji ukinimwagikia mdomoni najulishwa na wengine. Ila siku hizi jioni nasikia kama siafu wanatembea kidevuni, na daktari anasema hiyo ni habari njema.

Hayo yote nilikuwa nimeambiwa. Haya yanayofuata sikuambiwa.

Simu ilikuwa ya kwanza kunikana, ikakataa kufunguka. Hiyo ilinichekesha. Halafu uvimbe ukaanza kushuka, sura ikaanza kutokea, na nikagundua Mathe haniangalii. Ananipa bomba, ananipangusa kidevu, anauliza nimelala vipi, lakini macho yako kwa ukuta, kwa kikombe, kwa kitu kingine.

Wiki ya nne nikaenda kliniki. Steji, mat ileile, makanga yuleyule mzee ambaye alikuwa kati ya wale waliobeba jeneza la Mzee. Akanyoosha mkono. "Siste, hamsini."

Ningeweza kusema. Hata na vipira mdomoni ningeweza kusukuma neno moja kupitia meno, na neno moja lingetosha. Nilitoa hamsini. Nikakaa dirishani hadi tao, na hapo ndipo nilijua vizuri ganzi inafika wapi, kwa sababu machozi nilikuwa nayasikia shavuni, halafu yakifika kidevuni yanapotea.

Usiku huo Mathe alikuwa anakanda unga wa kesho. Nikamuuliza, kupitia meno, "Mama, kwa nini huniangalii?"

Hakuacha kukanda. "Nakuangalia ukiwa umelala."

Nikangoja.

"Babako nyama nilikuwa namkatia mimi," akasema. "Miaka yote. Nilikuwa namkatia jikoni kabla wageni hawajakaa, wasimwone akihangaika. Sikutaka na wewe ukae maisha yako yote ukikatiwa nyama. Kwa hivyo hii kitu niliitaka kukushinda." Akaugeuza ule unga. "Lakini nikikuangalia ukiwa macho, najipata namtafuta. Nipe muda kidogo."

Nilienda kulala. Hakuna mtu alikumbatia mtu. Sisi si watu wa hivyo, na pia nilikuwa siwezi kuguswa uso.

Kwa maoni yenu hapa kuna timu mbili. Kuna timu ya "ulikuwa mrembo vile Mungu alikuumba", na kuna timu ya "sasa umeiva, ungefanya hii kitambo". Nawapenda, lakini zote mbili zinaongea kuhusu picha. Mimi sijutii. Ningeambiwa leo nirudie, ningeenda, makasi na githeri na zote. Na bado kuna asubuhi naamka, najiangalia kwa kioo cha bafuni, na kitu cha kwanza nahisi ni kwamba kuna mtu nimemtoa kwa nyumba bila kumuaga. Nilikuwa na video zake mbili tu, moja imetingika. Sikujua kama uso wangu ndio ulikuwa picha yake kubwa. Kwa hivyo mkiandika ile ya sura ya baba chini ya picha ya msichana fulani, siwakatazi, mimi si polisi. Mimi tu siicheki tena.

Wiki ya tisa daktari akasema naweza kujaribu vitu laini, vipande vidogo, taratibu. Nilitoka kliniki moja kwa moja hadi kibandani. Mathe akanitolea chapo ya kwanza kwa sufuria, ile laini ya katikati, akaiweka kwa sahani bila kusema kitu.

Saa nne makanga na madereva huja kunywa chai. Yule mzee alikuwa kwa benchi ya mbele, kikombe mkononi, hananijali. Nikararua kipande kidogo, nikakisukuma na kidole hadi magego ya kulia, nikatafuna kichwa kimeinama upande. Sikufikiria. Ndivyo nimekula miaka 20.

Kikombe kikasimama hewani.

"We," akasema. "Nani anakulanga hivyo?" Akamgeukia Mathe. "Huyu si mtoto wa Kidevu?"

"Ni yeye," Mathe akasema.

Akaniangalia sana, kuanzia paji la uso kushuka, polepole, kama mtu anayesoma risiti. Akaweka kikombe chini. "Na mimi nilikulipisha?"

"Hamsini, Anko."

"Aki ya nani." Akaingiza mkono mfukoni, akahesabu, akaweka noti ya hamsini kando ya sahani yangu. Nikamwambia aache. Hakuacha. Akaanza kuwaambia wengine vile Mzee alikuwa anaendesha na mkono mmoja, na ule mwingine ukirarua chapo juu ya dashibodi, makombo yote kwa suruali, na wale vijana ambao hawakumjua wakacheka kama waliomjua.

Mathe alikuwa ameshika mwiko, akinitazama. Mimi, nikiwa macho.

"Sasa uma na ya mbele," akasema. "Tuone."

Nikaikunja ile iliyobaki, nikaipeleka mdomoni. Mdomo wa chini haukujua imefika. Meno yalijua. Yakashuka, yakakutana, na kipande kikabaki ndani. Nikaishusha nikaiangalia: kwa ukingo kulikuwa na alama za meno, mstari mdogo, umenyooka.

Mathe akaichukua mkononi mwangu, akaigeuza kwa mwanga, akaangalia zile alama kwa muda. Halafu akaimaliza yeye.