Mkono Mmoja Mfukoni
Naunda saa ya taa za nixie, vile vioo vya Kisovieti vyenye tarakimu kumi za waya ndani. Kuwaka zinataka volti 170 hivi. Hapo hakuna mchezo.

Chipu nilikuwa na mbili za kuchagua. HV5622 ina njia 32. Moja inatosha taa tatu. K155ID1, ya zamani, inaendesha taa moja tu, kwa hivyo saa yangu inahitaji nne.

Nikachukua K155ID1. Nikiunguza moja, naichomoa hiyo tu. Marehemu baba, fundi redio, alitengeneza hivyo: kimoja kimoja, mkono mwingine mfukoni.

Jana iliwaka: 19:45. Mama akaitazama kimya, kisha akasema, “Saa mbili kasorobo. Babako angekuwa anafunga duka.”