Barua kwa Mpwa Wangu: Gari Lililozama Jangwani

Ngamiani, Tanga

Mpwa wangu,

Mkaza mjomba wako bado na sukari yake, ila anatembea. Binamu yako wa Pongwe kajifungua mtoto wa kiume. Mengine atakueleza mama yako.

Nakuandikia kwa sababu ya gari. Habari ya kuzama nilikwisha ipata, nikamshukuru Mungu kwamba wewe na mkeo mlitoka wazima, maana mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani hauna mzaha. Lililonikosesha usingizi ni hili la juzi: kwamba umempata dalali, naye kakushauri ung'oe makapeti, uanike viti, upige rangi na manukato, kisha ulipeleke yadi ulibadilishe na jingine kwa kuongeza pesa juu, na neno la maji lisitajwe. Aliyeniambia simtaji. Kama ni uongo, futa hasira yako usome hivyohivyo. Kama ni kweli, usimpigie simu tena mtu huyo kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Nijibu kwanza mambo mawili ambayo kila niliyemuuliza anababaika kuyajibu. Maji yalifika wapi? Na injini ilipozimika, ulipiga stata tena?

Nauliza la stata kwa sababu injini hunyonya hewa, na maji yakiufikia mdomo wa ekilina itanyonya maji. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikayakuta, kinachokubali kupinda ni konrodi. Ikipinda sana, injini hukwama palepale na unajua moja. Ikipinda kidogo, gari linawaka, fundi wa kando ya barabara anakupongeza, na baada ya wiki au miezi konrodi inakatika na kutoboa bloku. Ndiyo maana gari lililozama haliwashwi hata kwa kujaribu. Unatoa terminali ya betri, unalivuta hadi gereji, plagi zinafunguliwa, maji yanatolewa, oili ya injini na ya giaboksi inamwagwa yote. Vuta kile kijiti cha kupimia oili ukitazame. Ukiona oili imegeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yamo.

Lakini injini si kilio kikubwa. Injini iliyotumika kutoka Japani utaipata hapohapo Dar es Salaam, ifungwe, mambo yaishe. Ninachokiogopa mimi ni waya. Kama maji yaliishia chini ya viti, makapeti tu yakalowa, lifungue, likaushe vizuri, ubaki nalo. Kama yalipanda juu ya viti, keti na kalamu upige hesabu. Kama yalifika dashibodi, mimi nisingempandisha mtoto humo. Magari haya ya sasa yana kontroli boksi na mamia ya soketi ndogondogo, na waya za eabegi na za mikanda hupita chini ya viti. Tena maji ya Msimbazi si ya mvua matupu. Yana matope, yana maji ya vyoo na taka za viwandani. Hayo yakikauka ndani ya soketi, shaba inaanza kuota kijani taratibu, na gari linaendelea kutembea vizuri kabisa.

Hapo nikueleze habari ya baba yako mkubwa, Mungu amrehemu, kwa sababu najua ulisimuliwa nusu. Mvua za El Niño zilipokwisha, 1998, alinunua Corolla kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu wa Korogwe. Lilikuwa limelala kwenye maji ya mto Pangani, naye alilijua hilo, ndiyo sababu alilipata kwa bei ile. Akalipaka rangi, akashona viti upya, akalileta gereji kwetu, enzi hizo nikifanya kazi chini ya yule Singasinga aliyenifundisha. Alitaka tuondoe mlio wa injini tu. Nikamwambia, shemeji, kisanduku cha fyuzi kimejaa udongo, inabidi dashibodi ishushwe na waya zote zipitiwe. Akanijibu mbele ya vijana wa gereji kwamba hakuja kutafuta mawaidha, amekuja kutafuta spana. Mimi nilikuwa fundi niliyeaminiwa na mashamba ya mkonge kufungua matrekta yao, na aliyenijibu hivyo hakuwahi kufunua boneti maishani mwake.

Basi akaliuza. Aliyelinunua ni mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa ndiyo kwanza amestaafu, akalitolea sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake. Aliambiwa ni gari la ofisini, lililokuwa likilala kivulini. Kwa miezi kadhaa halikumsumbua. Akalisifu msikitini, akalisifu sokoni. Kisha usiku mmoja, akitoka Segera kurudi Tanga, kabla ya kufika Hale, taa zote zikazimika kwa mpigo, na mbele yake kulikuwa na lori bovu limeegeshwa bila kuwekewa hata tawi la mti. Mguu wake ulivunjika mahali pawili.

Gari likakokotwa hadi kwetu. Kisanduku cha fyuzi kilikuwa kijani kitupu. Kisha niliushika mkanda wa kiti cha dereva, nikauvuta hadi mwisho wa roli yake, ule upande ambao mtu havuti hata siku moja, nikakuta mstari wa matope uliokauka. Mtoto wa kiume wa yule mwalimu alikuwa amesimama karibu yangu. Akaniuliza hayo matope ni ya wapi. Nikamwambia.

Kwa kumwambia ukweli huo nilinuniwa na upande mzima wa baba yako, na harusi ya shangazi yako sikualikwa. Mwalimu hakurudishiwa hata senti. Alitembelea mkongojo hadi alipofariki, na ndiye aliyemfundisha baba yako kusoma na kuandika. Hiyo ndiyo nusu uliyofichwa. Sasa naambiwa mtoto wa dada yangu, niliyembeba mwenyewe siku ya arobaini yake, anataka kuwafanyia wengine lilelile.

Wewe umesoma chuoni. Kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, na mwuza nafaka wa sokoni Madina unakijua. Mtume alitia mkono ndani ya lundo, vidole vikatoka na unyevu, na mwenye mali akaeleza kuwa ilinyeshewa. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile mbichi juu ili watu waione. Mtu yule hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuificha. Na ukitaka ya serikali, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuuvunja mkataba.

Tuliweke hilo kando, tuangalie faida yako peke yako. Mwenye yadi si mtoto. Lako atalichukua kwa bei ya chini, la kwake atalitaja kwa bei ya juu, na pengo hilo utalijaza wewe kwa mkopo mwingine ilhali ule wa Saccos haujaisha. Tena nani kakuhakikishia kwamba hilo utakalopewa halijawahi kuzama? Aprili 2024 Dubai na miji jirani ilipata mvua kubwa kuliko zote zilizopimwa kule tangu 1949. Barabara kuu zilijaa maji, magari yakaachwa yakielea. Na huko pia hutoka baadhi ya magari yaliyotumika yanayoletwa kwetu, mbali na yale ya Japani. Sisemi kila gari la Dubai lilizama. Nasema dalali anayekufundisha kulificha lako atasimama kando ya hilo la pili akikuapia kwamba ni safi.

Ukifikia kununua, siku yoyote, kwa mtu yeyote, vuta mikanda yote hadi mwisho. Inua kapeti la buti uangalie shimo la tairi la akiba kama lina mchanga. Piga magoti utazame boliti za viti. Gari jipya jipya lenye boliti zilizoota kutu lina jambo. Angalia ndani ya taa za mbele kama kuna ukungu. Na likinukia manukato makali mno, muombe mwenyewe mfunge vioo, mketi humo kidogo juani.

La bima, uliza leo. Bima ndogo inawalipa uliowagonga, gari lako hailiangalii. Kama una kubwa, soma mafuriko yametajwa au hayakutajwa, na usioshe kitu chochote mpaka watu wa bima wawe wamelikagua. Piga picha mstari wa matope mlangoni kabla mkeo hajaufuta.

Rai yangu ni hii. Atafutwe fundi umeme asiyejuana na dalali, atoe viti na makapeti yote, akuandikie gharama. Jumlisha na ya injini. Ikikaribia nusu ya bei ya gari zima la aina hiyo, liache. Liuze lilivyo, kwenye karatasi ya mauziano iandikwe kwamba liliingia maji, mahali gani na hadi wapi. Watakaolinunua ni watu wa spea, nao wanajua wanachonunua: milango, boneti, rimu, tairi, vioo, vyote vina bei. Utapata kidogo. Hicho kidogo kipeleke Saccos.

Usiseme utaaibika kazini. Kupanda mwendokasi au daladala si aibu. Mimi niliendesha baiskeli hadi mama yako alipomaliza shule, na ada ilitoka kwenye spana hizihizi. Shukrani ya hilo upande wa baba yako sijaisikia, lakini tuyaache.

Mkeo mshirikishe. Nasikia la dalali halijui.

Na Jangwani, mvua ikinyesha Pugu na Kisarawe, hata kama Magomeni jua linawaka, usipite. Maji yanatoka huko juu.

Fundi huyo ninaye: kijana niliyemfundisha umeme wa magari yuko Buguruni, mama yako ana namba yake. Nimekwisha zungumza naye, atakuja Jumamosi asubuhi na hatakudai pesa ya kukagua. Mwache aling'oe kila kitu. Jibu la maswali yangu mawili nitumie leo usiku, pamoja na picha ya mkanda wa dereva uliovutwa hadi mwisho.

Wasalaam,
Mjomba wako