Neno la Baba

Marehemu baba aliniachia pikipiki ya Kijapani, ya volti 6, ambayo kwa miaka mingi ililala chini ya turubai uani mwa nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga. Mwaka huu, pepo za kusi zilipoanza kuvuma, niliifunua. Kwa betri na plagi mpya, injini ilikubali, taa zikakataa. Taa kubwa ilitoa wekundu hafifu, mfano wa kaa linalozimika, na nilipowasha indiketa, kila ilipopepesa taa nyingine zote zilififia pamoja nayo.

Mimi si fundi. Ni mtunzi na mfasiri niliyeishia darasa la saba. Yaliyosalia niliyapata vitabuni. Fundi alikuwa baba, na kati yetu palibaki neno moja ambalo sikuwahi kumwomba radhi.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nimelewa kamusi. Nilikuwa nimemsoma Omar Khayyam katika tafsiri ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, iliyotoka mwaka 1952, nikaamini kuwa hapana kitu kisicho na jina lake katika lugha yetu. Siku moja baba akamwambia mteja kwamba waya wa ethi umelegea. Nikadakia mbele ya watu: "Baba, hicho si Kiswahili. Sema waya wa ardhi." Watu wakacheka. Baba akafuta mikono kwa tambara, akasema kwa upole: "Ardhi iko chini, mwanangu. Hii imo humu." Akainamia kazi yake. Nami nikadhani nimemshinda.

Sasa nilipiga magoti uani, nikaufuata umeme kwa kidole. Hutoka kwenye chanya ya betri, hupita katika fyuzi na swichi, huingia katika balbu. Lakini hauna waya wa pili wa kurudia. Hurudi kwa chuma cha pikipiki yenyewe, kisha kwa waya mfupi uliofungwa kwa bolti kwenye fremu, hadi hasi ya betri. Magurudumu ni mpira. Umeme ule haugusi mchanga hata mara moja. Ardhi ya pikipiki ni mwili wake.

Nikachukua kipande cha waya, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye holda ya balbu. Mwanga ukajaa. Njia ya kwenda ilikuwa nzima. Ya kurudi ndiyo iliyoziba. Nikaifungua ile bolti. Hewa ya chumvi ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake: chuma kimeliwa, shaba imeota kutu ya kijani. Taa zote zilikuwa zikigombea mlango mmoja mwembamba. Nikapiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza bolti, nikapaka grisi juu yake.

Taa ikawaka hadi ukutani. Mwanangu, aliyekuwa akinishikia tochi, akauliza: "Baba, waya huu waitwaje?"

"Ethi," nikamjibu. "Babu yako aliuita hivyo."