Mfereji wa Nairobi, Jembe la Murang'a

Msomaji, ukifungua mfereji jikoni mwako, Buruburu au Kileleshwa, je, huwa unajiuliza maji hayo yametoka wapi? Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a. Kwenda kulitazama ni safari ya asubuhi moja tu.

Shika barabara ya Thika, kisha upinde kuelekea Gatanga. Utapita mibuni, halafu michai, nayo baridi itakukumbusha sweta. Bwawa lenyewe lilikamilika mwaka 1994. Ukuta wake una kimo cha mita 65, nalo hubeba mita milioni 70 za ujazo. Mito ya Thika, Githika na Kayuyu hulijaza. Kutoka hapo maji huteremka hadi Ng'ethu kusafishwa, kisha jijini.

Lakini usitazame maji pekee. Tazama vishamba vya miteremkoni. Mvua kubwa ikipiga shamba lililo tupu, udongo huporomoka hadi mtoni. Mkulima hupoteza rutuba, bwawa hupoteza nafasi, na kusafisha maji huwa ghali zaidi. Dawa yake ni matuta ya "fanya juu": mkulima huchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, kisha hupanda nyasi za nepia ukingoni. Nyasi hushika udongo na kulisha ng'ombe. Tangu mwaka 2015, Hazina ya Maji ya Tana ya Juu na Nairobi imewasaidia wakulima wengi kwa mafunzo, miche na vidimbwi vya kuvuna mvua.

Hata hivyo, wakazi wa Murang'a wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maji huwapita kwenda jijini ilhali wengi wao hawana mifereji. Kilio hicho ni cha haki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Januari 2017, mvua zilipokosekana na bwawa kupungua, Nairobi ilianza kugawiwa maji kwa zamu. Familia zilipanga foleni na mitungi, na ndipo wengi walipolisikia jina la Ndakaini. Tusingoje kiu nyingine. Wapeleke watoto wakaone matuta hayo, nunueni mboga na viazi vya wenyeji njiani, na mkirudi nyumbani, tengenezeni ule mfereji unaovuja.